Krismasi ya Jumatatu

Nyumbani kwetu Malindi, Krismasi haikuja tarehe ishirini na tano. Ilikuja siku ambayo meneja wa hoteli alimpa baba mapumziko yake ya mwisho kabla ya msimu wa wageni. Baada ya siku hiyo hatukumwona tena mpaka Januari iishe. Baba alikuwa mpishi wa mikate na keki. Kuanzia katikati ya Desemba hoteli ilijaa Wazungu waliokimbia baridi ya kwao, na baba akawa analala kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya jiko, akiwapikia watu wengine sikukuu.

Kwa hiyo sisi tuliiwahi. Majirani waliotoka bara kama sisi walitucheka. Mwenye nyumba wetu, bibi mmoja wa Kiswahili ambaye tulipanga vyumba viwili uani kwake, alikuwa na lake la kusema kila mwaka.

"Haya, mwanangu," alimwambia mama asubuhi ile, leso yake begani, "sisi Idi yetu twangoja mwezi. Nyinyi yenu mwangoja meneja."

"Afadhali mwezi, mama," mama akamjibu. "Mwezi ukishaandama haurudi nyuma."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na shule zilikuwa zimefungwa. Mama alipaka kuta chokaa kuanzia pembe ya kitanda hadi mlangoni, ikamdondokea kwenye nyusi mpaka akafanana na mama yake. Mimi nilisugua sakafu kwa kumbi la nazi. Mdogo wangu wa kike alinyofoa pamba na kuitundika kwenye tawi la mvinje tulilolikata ufuoni na kulisimamisha ndani ya debe la mchanga. Pamba ile ndiyo ilikuwa theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona theluji, lakini kwenye kadi za hotelini ilikuwa juu ya kila mti, nasi hatukutaka mti wetu uonekane maskini. Nyumba ilinuka chokaa mbichi, sabuni na iliki. Kama kuna harufu ya furaha, kwangu mimi ni hiyo, hata leo.

Saa nne baba akafika. Akavua viatu, akajifunga kikoi, akauliza asaidie nini.

"Ukae," mama akamwambia. "Leo unapikiwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe. Mtu aliyewaokea wengine keki siku zote, siku moja aokewe na mkewe, akae chini, ale na wanawe. Mama hakuwa na jiko la kuokea. Aliweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, akapima muda kwa pua. Baba alikalia mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu.

"Mkaa wa juu umezidi," akasema.

"Kimya, mgeni."

Jogoo, tuliyemnunua kwa mwanamke mmoja wa Sabaki, alikuwa ndiyo kwanza amechinjwa, manyoya bado hayajaisha, gari la hoteli liliposimama nje. Dereva akabisha hodi, kofia mkononi. Tulimfahamu vizuri, na kwa vile hakututania, tulijua amemfuata baba.

"Shemeji, nisamehe," alimwambia mama. "Kuna wageni wameshuka leo. Walikuwa waje Alhamisi. Wanataka keki na chai yao ya saa kumi. Nimeambiwa nisirudi bila mzee."

"Mwambie meneja hukumkuta."

"Yule mwenzetu aliyesema hivyo msimu uliopita yuko kwao sasa, analima."

Baba alikuwa tayari anatafuta viatu. Kazi yake ilikuwa ya msimu. Kila msimu wafanyakazi waliitwa upya, au hawakuitwa.

"Keki bado kidogo tu," mama akasema.

Wote tukamtazama baba. Akainama juu ya mkaa, akavuta pumzi. "Nusu saa."

Dereva akaangalia jua. "Nitasema nilipata pancha. Lakini pancha ni dakika kumi, shemeji."

Mama akapiga magoti, akashika kipepeo, akaanza kupepea mkaa kwa nguvu zake zote. Nami nikachukua kipande cha boksi, nikapepea upande wa pili.

"Acheni," baba akasema. "Itaungua juu, ndani ibaki maji."

"Basi nifanye nini?"

"Hakuna. Keki haiharakishwi." Aliisema kwa upole, nadhani kama alivyowaambia wanagenzi wake jikoni.

Tukakaa tukiitazama sufuria. Bibi mwenye nyumba akatoka na kahawa, akamkabidhi dereva kikombe kinachofuka moshi, akaanza kumuuliza habari za mama yake, za shangazi zake, za ukoo wote. Kila alipotaka kuinuka, bibi akamwongezea.

"Kunywa, mwanangu. Kahawa ya moto hainywewi kwa pupa."

Lakini hata kahawa ina mwisho wake. Dereva akaweka kikombe chini. "Mzee."

"Usiifunue," baba alimwambia mama. "Mtaila jioni. Itakuwa nzuri."

Mama alimtazama. Kisha akakishika kile kifuniko kwa pindo la kanga yake, akakiinua. Makaa yakamwagika uani. Keki ilikuwa imepanda, ya manjano, inatetemeka, nzuri kuliko zote alizowahi kuoka. Kisha mbele ya macho yetu katikati yake ikaanza kuzama, polepole, na hakuna aliyeweza kunyoosha mkono kuizuia.

Mama akachota pembeni, palipoiva, lakini kijiko kikaja na uji wa ndani. Baba akala akiwa amesimama.

"Vipi?"

"Tamu."

"Muongo."

"Tamu, nakuambia." Akala tena, na chembe ya jivu mdomoni. Akatushika vichwa mimi na mdogo wangu, akasema heri ya Krismasi, akatoka. Tukasikia gari likigeuka, kisha likapotelea barabarani.

Mama alibaki pale chini, kijiko mkononi, chokaa bado kwenye nyusi. Bibi mwenye nyumba akaondoa kikombe. Mdogo wangu aliuliza kama sasa Krismasi imekwisha.

"Alikula vijiko vingapi?" mama akaniuliza.

Vilikuwa viwili.

"Vinne," nikasema.