Amina ya Mama Mchungaji

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikiona vijana wameshikana mabega uwanjani, vichwa chini, wanaomba kabla ya mechi. Huwa naomba nao kutoka kwenye kiti changu hiki, ambacho wajukuu wanasema kimeota mizizi. Kisha najiuliza: je, hawa wamejiandaa?

Ilikuwa miaka ile bendera yetu bado ngeni machoni. Kila mtu alikuwa anaanzisha jambo: ushirika, shule, kwaya. Kanisa letu pale Shieywe likaanzisha timu ya wasichana ya mpira wa pete. Wazee walikubali kwa shingo upande. Mmoja alisema msichana akizoea kuruka-ruka ataruka hata ndoa. Kwa hivyo tulijua kosa dogo tu lingetosha, na timu ingekufa.

Mwalimu wetu wa mchezo alikuwa mke wa mchungaji, na sote tulimwita Mama Mchungaji. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mrefu kama mlingoti, mzito wa kutoka jikoni. Akanipa kulinda goli, maana mlinzi wa goli hakimbii mbali. Sijawahi kupata kazi iliyonifaa zaidi.

Tulikuwa tucheze na wasichana wa kanisa moja la Khayega, kwao, Jumamosi. Jumapili iliyotangulia, Mzee Ambani, mkubwa wa wazee wetu, alituombea kwa kirefu: tucheze vizuri na turudi bila kuumia. Tukaitikia Amina mpaka mabati yakalia. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha. Mungu ameambiwa, sisi tungoje.

Ijumaa jioni Mama Mchungaji akasimama mlangoni mwa jiko letu.

"Muhonja, toka. Twende Khayega."

"Mechi si ni kesho, Mama?"

"Ni kesho."

"Sasa leo tunaendea nini?"

"Kuona."

"Kwani Mungu hawezi kutusaidia tukiwa nyumbani?"

"Anaweza. Lakini mechi haichezwi jikoni kwa mama yako."

Mama yangu alicheka mpaka akasahau mwiko ndani ya obusuma, ugali wetu. Nikajua sina wa kunitetea.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na mfungaji wetu, Imali. Kule uwanjani akatuvua viatu, maana mechi tungecheza miguu mitupu. Akatutembeza polepole huku na huku, kama watu waliopoteza sindano. Nilikuwa na maswali mengi mno. Mbona tunatembea? Tunatafuta nini? Nilipokanyaga kijiwe na kulia "Aaii!", akasema, "Umekipata." Akatandaza leso yake chini.

Basi tukaokota. Mawe, miiba, vipande vya chupa. Leso ikijaa tunaimwaga chini ya ua wa uwanja, tunarudi tena. Watu waliotoka sokoni walisimama, wakatutazama tumeinama jua likizama, kisha wakapita bila hata kutuambia mulembe. Nikashangaa. Watu wa Khayega, wakunyime salamu?

Jibu nililipata kesho yake. Tulipofika, wazee wa makanisa yote mawili walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, na Mzee Ambani ameshika kofia mkononi.

"Mama Mchungaji, tumesikia habari mbaya."

"Habari gani, Mzee?"

"Jana mlionekana hapa mkichota udongo kwa leso. Watu wanasema ni dawa ya mechi. Kama ni kweli, hakuna kucheza, na hii timu ya wasichana iishe leo leo."

Mchungaji mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Imali alianza kulia. Nami, mwanangu, ambaye kila Ijumaa ya mazoezi nilitamani timu ife ili nipumzike, nilishangaa kujikuta nimemng'ang'ania Mama Mchungaji mkono. Kumbe nilikuwa naipenda.

Mama Mchungaji hakupandisha sauti. "Njoo, Mzee, uione dawa yetu."

Akampeleka kwenye ua. Mzee Ambani akainama, akaokota kipande cha chupa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Jumapili uliomba watoto hawa wasiumie," Mama Mchungaji akamwambia. "Nikaitikia Amina kwa mdomo. Jana nikaja kuimalizia kwa mikono."

Kisha mzee mmoja wa Khayega akapasua kicheko. "Kwa hivyo mmetuibia mawe yetu! Tutajengea nini sasa?"

Hata Mzee Ambani akacheka. Akavaa kofia, akakumbuka ni wakati wa maombi, akaivua tena. Safari hii maombi yake yalikuwa mafupi ajabu.

Tulishindwa, usinicheke. Mpira mmoja ulipita juu ya mikono yangu hii mirefu nikiutazama kama natazama ndege. Lakini kabla ya hapo, mfungaji wao aliteleza mbele yangu na kuanguka kifudifudi, pale pale tulipotoa chupa. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama, anajikung'uta vumbi, anadai mpira wake.

Nimejiuliza miaka yote hii: aliyemkinga mtoto yule ni Mungu, au ni leso? Na tulipokuwa tunaokota, hata hatukujua ni nani tunayemwokolea goti. Siku hizi sitenganishi tena. Nadhani maombi yetu yalijibiwa Ijumaa, tukiwa tumeinama, nami nikilalamika mgongo.

Kwa hiyo, mwanangu, omba. Usiache. Lakini ukishaomba, inuka ukafanye mazoezi, ukaukague uwanja, ukaondoe kinachoweza kumwumiza mwenzako, hata yule wa timu nyingine. Mtu akikuona umeinama akakusingizia, mwonyeshe kazi yako bila kumtukana. Na usiache kuuliza maswali, ila uyaulize mikono ikiwa na kazi.

Mungu akupe miguu myepesi kuliko yangu. Akupe mtu wa kukutoa jikoni. Ukianguka, na ukute kuna aliyekutangulia kusafisha mahali pale, nawe uwatangulie wengine. Amina.