Nilimwozesha Mke Wangu kwa Bosi Wake

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabisa, maana nikisimulia habari hii mtaani hapa Dodoma huwa najipendelea. Huwa naanza na aliyonifanyia mke wangu, watu wananisikitikia, wananinunulia soda. Leo sitaki soda ya mtu. Mimi ndiye niliyemtoa mke wangu kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, na wala sikuwa nimelewa!

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Mpwapwa. Nilikuwa nafundisha shule moja ya binafsi hapa Dodoma mjini, nimepanga Area D. Mke wangu nitamwita Nomsa, ingawa si jina lake. Ni mtu wa Afrika Kusini, alikuja kujitolea kufundisha pale pale shuleni kwetu. Siku za mwanzo watoto walimpanda kichwani mpaka akalia stoo. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kulishika darasa. Tukazoeana, tukapendana. Halafu alikuwa anapenda zabibu jamani! Msimu wake ukifika tulikuwa tunakula zabibu mpaka ulimi unawasha.

Kumbe kwao nako wanadai ng'ombe. Baba yangu mdogo aliposikia hivyo alipiga makofi. "Hawa si wageni hata kidogo," akasema. "Hawa ni Wagogo wenzetu, walipotea njia tu wakaishia kusini!" Mahari ikaenda, tukafunga ndoa kanisani Mpwapwa. Mama akamfunga kitenge, akamfundisha kusonga ugali na kupika mlenda. Nilikuwa na raha zangu.

Ndipo tukaona tangazo la kazi. Wanatafuta walimu wa Kiingereza Vietnam, nyumba bure. Tukaomba wote wawili. Majibu yakaja: pasipoti ya Nomsa inakubalika, yangu haikubaliki. Eti watu wa nchi yake wamezaliwa na Kiingereza, sisi tumejifunza! Mimi niliyemfundisha kufundisha! Nikacheka, nikamkumbatia, nikasema hongera mke wangu. Moyoni nilikuwa naungua.

Nikaacha kazi ili nimfuate. Nilipokwenda Mpwapwa kuaga, mama aliniangalia akauliza, "Mwanangu, sasa ndiyo umeolewa?" Alikuwa anatania. Swali lile nikapanda nalo ndege.

Wiki ya safari Nomsa akanikalisha kitandani. Akaniambia kuna jambo hakunieleza. Ile shule ya Vietnam haikuwa inachukua watu wenye ndoa, na yeye alipoomba alisema hana mume. "Tuseme wewe ni kaka yangu," akasema. "Mpaka wanipe mkataba wa pili tu. Tafadhali."

Hapo ndipo ningesema hapana! Ningesema mimi ni mumeo, kama hawanitaki basi tubaki hapa tule vumbi letu. Lakini mabegi yalikuwa yamefungwa, kazi nimeacha, mtaa mzima unajua naenda Ulaya, maana kwao kila nchi ya nje ni Ulaya. Nikasema sawa.

Basi kule Vietnam nikawa kaka. Walimu wenzake walikuja Jumapili kula, na yeye ananishika bega: "Huyu ni bhuti wangu." Kwao bhuti ndiyo kaka. Hakuna aliyeuliza mbona hatufanani. Kwa wale watu sisi weusi wote tulikuwa ndugu.

Wageni wanakula, mimi napakua. Wakiondoka naosha vyombo. Asubuhi mke wangu anakwenda kufundisha somo langu, mimi nabaki naanika nguo zake. Sikatai, mwanamume kufua si dhambi. Kilichoniuma ni kwamba wakati wa kufua nilikuwa mume, na mlango ukigongwa nakuwa kaka.

Nilijiona nimesalitiwa, nasema kweli. Nilisalitiwa tangu Dodoma, alipoandika kwamba mimi sipo. Lakini sikuwahi kumwambia. Nilinuna tu. Akiniuliza una nini, nasema nimechoka. Nimechokea nini na siku nzima niko nyumbani? Tukawa tunaishi hivyo.

Kulikuwa na bosi wake, mkuu wa walimu wa Kiingereza, mtu wa kule kule, nimwite Minh. Yeye ndiye mwenye kusema nani apewe mkataba mwingine. Mvua zilipoanza akawa anamleta Nomsa kwa pikipiki yake. Nasimama dirishani naona mke wangu anashuka, wanacheka, anamrudishia koti la mvua. Mara moja nikamuuliza, "Yule jamaa vipi?" Akasema, "Yule? Ni mtu mwema tu."

Jumamosi moja Nomsa amekwenda sokoni, nasikia hodi. Ni Minh. Amevaa shati jeupe limepigwa pasi, nywele amechana kwa maji, mkononi ana matunda na boksi jekundu la majani ya chai. Nikamkaribisha. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, magoti yameshikana. Jamani, mimi ni Mgogo! Mtu akikaa namna ile na kitu mkononi huniambii amekuja kusalimia. Nimewaona washenga tangu utoto wangu.

Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Nampenda dada yako. Nilimwambia. Akanijibu kwamba kwenu mwanamke hajibu mwenyewe, nije kwa kaka yake. Kaka akisema hapana, basi ni hapana. Ndiyo nimekuja."

Mungu wangu! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Yaani mke wangu wa ndoa ya kanisani amemwelekeza mwanamume mlangoni kwangu aje kumposa! Nikaona hapa sasa nachezewa. Wameshakubaliana hawa, mimi nimebakizwa kama sanamu. Kumbe maneno aliyosema yule mtu yalikuwa wazi kabisa. Alinipa hapana mkononi, nami sikuiona.

Nikacheka. Sijawahi kucheka vile na naomba nisirudie tena. Nikamwambia, "Kwetu tunadai ng'ombe."

Akatahayari. "Ng'ombe sina. Lakini nitamtunza."

"Basi ng'ombe tumesamehe," nikasema. "Mchukue!"

Nikampa mkono. Akaniinamia, akanikabidhi lile boksi la chai, nami nikalipokea kwa mikono miwili kama mzee wa ukoo. Akaondoka anakaribia kuruka. Nikakaa namsubiri Nomsa, nikiwa nimelipanga boksi katikati ya meza alione vizuri. Nilitaka aingie atetemeke.

Akaingia na mfuko wa mboga. Akaliona boksi, uso wake ukafunguka! Akatua mfuko chini. "Amekuja? Oh, asante Mungu. Umemkatalia kwa upole lakini, eh?"

Yeye akaendelea, anavua viatu, maneno yanamtoka kwa Kiswahili chake cha Dodoma. "Nilishindwa kukwambia, umekuwa mkali siku hizi, kila kitu unanuna. Mimi nikimkataa, mkataba unakufa, na nikisema nina mume tunafukuzwa wote. Lakini kaka akikataa ni mila, hakuna ugomvi. Nikasema aende kwa mume wangu, yeye atajua la kufanya."

Ole wangu!

"Umemwambiaje?" akauliza.

Nikasema, "Nimemwambia akuchukue."

"Umesema nini?"

"Akuchukue."

Hakupiga kelele. Akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia Minh. Akasema taratibu, "Umenitoa."

Ningeanguka chini pale pale nikamshika miguu, huenda leo nisingekuwa naandika haya. Lakini hasira yangu ilikuwa imekaa muda mrefu, haikukubali kutoka bure. Nikafoka, "Si wewe ndiye ulinifanya kaka? Kaka ameshasema! Unalia nini?" Nikamtupia kila kitu: pasipoti, kufua, pikipiki, koti la mvua, mpaka ng'ombe wa baba mdogo nikawataja, jamani, ng'ombe! Majirani walifungua madirisha.

Nilipoishiwa akasema, "Nilikosa kukuita kaka. Hilo ni kosa langu na ningekuomba msamaha maisha yangu yote. Lakini hata kaka. Hata ungekuwa kaka tu, ungeniuliza kwanza mimi nataka nini."

Nikaokota ule mfuko wa mboga, nikaupeleka jikoni.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, akasema yule si kaka yangu, ni mume wangu. Nilijua atafukuzwa. Hakufukuzwa! Walimhitaji. Wakamkata likizo yake tu na kumpa onyo. Unaona? Uongo wote ule, na ukweli ulikuwa unalipika kwa bei hiyo. Minh hakumsemesha tena, nasikia alihamia tawi lingine. Na mimi Nomsa akaniomba niondoke.

Sikubisha. Alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri teksi. Nikafikiri atanikumbatia. Akanipa mkono, akasema, "Safari njema, bhuti."

Hapakuwa na mtu pale wa kudanganywa. Tulikuwa sisi wawili tu.

Nimerudi Dodoma. Kazi yangu alishapewa mwingine, nafundisha masomo ya jioni kwa watoto wa watu. Nomsa hapokei simu. Wazee wake wametuma ujumbe kwamba wanataka kukutana na wazee wangu kuzungumzia ndoa kuisha. Ujumbe uko kwangu, sijaufikisha. Baba mdogo ananiuliza kwa simu toka Mpwapwa, "Mkwe anakuja lini? Mwambie zabibu zimeanza." Nami nasema likizo, baba, likizo. Naendelea kudanganya, yaani sijakoma!

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wakati nafunga begi kwa hasira kule, nilitia na lile boksi la chai, hata sijui kwa nini. Nilipofika Mpwapwa mama akapekua begi, akaliona, akashangilia, "Mkamwana wangu kanikumbuka!" Akalificha kabatini. Juzi nilipokwenda kumsalimia, alikuwa na wageni wa kanisani. Akalifungua kwa ajili yao. Akawa anawamiminia na kuwatangazia, "Hii ni chai ya mke wa mwanangu, kaituma toka mbali." Wageni wakasifu. Akanipa na mimi kikombe.

Nikanywa. Nimekunywa posa ya mke wangu mbele ya mama yangu, na nikasema ni tamu.

Ewe kaka unayesoma, wewe unayefungasha kumfuata mkeo kazini kwake ugenini, au wewe dada unayemfuata mumeo: usikubali kuitwa kitu kingine hata kwa siku moja. Na kama umeshakubali, basi sema kinachokuuma kingali kidogo. Usikiweke mpaka mgeni akukute nacho mlangoni, utajibu kwa hasira swali lililohitaji mume.

Jumapili hii nakwenda Mpwapwa kuwaambia. Mama amenipigia simu, anasema ile chai bado ipo, ameniwekea.