Hina Isiyoonekana Ndotoni

Hapa Diani wanawake huwachora watalii hina ufukweni, na upepo ukiniletea harufu ile ya majani yaliyotwangwa, mimi husimama.

Siku za sherehe za Uhuru, nikiwa mvulana, Msambweni nzima ilipaka hina. Mama alikuwa ameshafariki. Dada yangu akagundua jambo: ndotoni viganja vyake havikuwa na hina. Kila alipoviona vitupu alijua anaota, basi humwita Mama, naye huja.

"Jana amenisuka," aliniambia, akijishika nywele.

"Mwambie aje na kwangu."

"Wee! Mwanamume na hina wapi na wapi? Utajuaje kama unaota?"

Wivu ulinichoma. Nilikomba masalio kwenye bakuli la hina la bibi yetu, nikajipaka kiganja kizima. Wenzangu chuoni, tulikosoma Kurani, wakapiga vigelegele: "Bi harusi huyo!" Nikavumilia.

Hatimaye nikaota niko kisimani. Nikatazama kiganja, kitupu. Nikaita kwa nguvu zangu zote. Mama akaja amejifunga leso yake ya kazi, akanitazama usoni, kisha akatazama nyuma yangu.

"Dada yako yuko wapi?"