Kinyago cha Kekele

Watu wa Kisangani wamenisemea mengi. Kwamba uso wangu uliungua kwa petroli. Kwamba mimi ni askari mtoro. Mama mmoja wa soko la Mangobo aliapa mbele yangu, mimi nikinunua kwanga yake ya muhogo, kwamba yule mwanamuziki wa kinyago ni mwanamke, tena ana mapacha. "Kumbe!" nikamwambia, nikachukua kwanga yangu nikaondoka. Ukweli ni mdogo na hauna utamu: nilivaa kinyago kwa sababu nilimwogopa papa, baba yangu.

Papa alikuwa mfumaji wa kekele, ile mitambaazi ya msituni tunayotengenezea viti na makochi. Karakana yake ilikuwa Mangobo, mbele ya nyumba yetu, pembeni ya barabara, na mimi, mtoto wake wa pekee wa kiume, nilikuwa nimeshawekewa kigoda changu humo. Nilipoacha chuo ili nipige muziki na kucheza kwenye mabaa, hakunipiga. Hata kufuma hakuacha. "Toka," alisema. "Hapa usikanyage tena mpaka siku ya kunizika." Na papa hakuwa mtu wa kumeza maneno yake, hata yakimkaba. Mama alikwisha kufa zamani, kwa hiyo hakukuwa na wa kutupatanisha. Mimi nami nina kichwa kigumu kama chake. Nilivuka mji, nikapanga chumba upande wa Tshopo, nikamdanganya yaya, dada yangu mkubwa, kwamba nimepata kazi Kinshasa.

Bon. Ukicheza hadharani Kisangani, lazima mtu wa Mangobo atakuona, na jioni papa atakuwa na habari. Kwa hiyo nilivaa katoni yenye matundu mawili. Ndiyo hiyo siri yote! Lakini watoto wakaanza kunifuata, simu zikanirekodi, na kijana mmoja mwenye maneno matamu akajitangaza kuwa meneja wangu. "Wewe cheza," alisema, "kuongea niachie mimi." Nilicheza Bunia, Goma, hadi Kampala, na kila mahali uvumi ulifika kabla yangu. Meneja aliulisha kila asubuhi kama mtu anavyolisha kuku wake.

Shida ilikuwa katoni; jasho liliimaliza. Siku moja meneja akasema kuna mzee Mangobo, fundi wa kekele kuliko wote, atatufumia kinyago cha kudumu. Ni papa huyo! Lakini nilinyamaza, maana meneja hakujua mimi ni mtoto wa nani. Nilichukua kamba ya nailoni, nikaizungusha kichwani kujipima, kuanzia katikati ya paji la uso, nikapiga fundo mwanzo na fundo mwisho, nikampa apeleke. Aliporudi nilimhoji kama polisi. Mzee alisema nini? Aliishika kamba muda mrefu, kisha akauliza kama huyo mtu hutoka jasho sana. Basi? Basi.

Baada ya majuma mawili kinyago kikaja, umbo la mtego wa samaki uliogeuzwa, kimekazwa vizuri na kushonewa kitambaa laini ndani. Kilinikaa! Mimi nina nundu juu ya sikio la kushoto, tangu nikiwa na miaka sita, nilipoanguka kutoka juu ya rundo la kekele nikajigonga kwenye meza ya papa. Kofia ya pikipiki siwezi kuivaa nusu saa bila kutoa machozi. Kinyago kile nilikivaa miaka minne, saa tatu au nne kwa mkupuo, na hakikuniuma hata siku moja. Nikasema, fundi ni fundi. Mjinga mimi.

Mwaka huu papa akaugua. Miezi mitatu yaya alinipigia simu kuniambia, na miezi mitatu nilijibu kwamba ndege za Kinshasa zinasumbua. Kisha asubuhi moja akapiga akilia. "Papa ametutoka. Njoo." Nikasema nitajaribu. Saa haijaisha, meneja naye akapiga: familia moja ya Mangobo inaomba mtu wa kinyago acheze kwenye matanga ya yule mzee fundi. Yeye alitaka kukataa. Msiba, alisema, utachafua sura yetu mbele ya watu. Nikamwambia tunaenda.

Naona haya kulisema, lakini nalisema: nilipata nafuu. Nilikuwa nawaogopa wajomba na mashangazi, wale watu wa "ulikuwa wapi wewe", kuliko nilivyomlilia papa. Ndani ya kinyago ningekuwa karibu naye, na hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Siku ya kuzika walikuwa wamefunga barabara kwa turubai. Sanduku lilikuwa wazi ndani ya karakana, juu ya meza ileile. Nilicheza polepole, miguu tu, na akina mama wakalia. Kisha tonton, mdogo wake papa, akaanza kuita watoto wa marehemu waje kuaga. Yaya akaenda. Halafu tonton akaita jina langu. Akaita tena. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake.

"Haiko," tonton alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Iko Kinshasa anakula maisha. Ile si mutoto, ile ni haya tupu."

Watu wakaguna. Mkono wangu ulipanda wenyewe hadi shingoni, penye kamba ya kukifungua kinyago. Hapo nikaziona simu, zote zimeinuliwa, zote zinanitazama mimi. Nikakumbuka safari ya Nairobi iliyokuwa mbele yetu, na mabango yaliyokwisha kuchapwa. Mkono ukashuka.

Ilipofika zamu ya wageni nikasogea, tonton akanisimamisha. "Kwetu mutu hapiti mbele ya maiti na kichwa ya kufunikwa. Toa ile kitu."

Yaya akaingia katikati yetu. "Tonton, muache. Papa mwenyewe alisema. Alisema, siku yangu mutaita ule mutu wa kekele, na mutu asimutoe kinyago. Atatoa yeye mwenyewe, akitaka." Kisha akanitia kitu mkononi, kamba iliyoviringishwa. "Alisema tukurudishie."

Nilisimama mbele ya papa. Uso wake ulikuwa umepungua, na aliyemnyoa ndevu alimnyoa vibaya. Nilitaka kukivua. Mungu wangu, nilitaka! Nyuma yangu meneja akakohoa. Nikainama, nikapita.

Alasiri nilikuwa chumbani kwangu, udongo wa makaburi bado kwenye viatu. Nikaifungua kamba. Ilikuwa ileile ya nailoni. Mimi nilipiga mafundo mawili. Sasa yalikuwa matatu. Nikaizungusha kichwani kama siku ile, na lile fundo la katikati likakaa juu ya sikio la kushoto, juu ya nundu yangu. Nikachukua wembe, nikachana kitambaa cha ndani ya kinyago. Upande ule papa alikuwa amefuma kibonde, kipana kama yai.

Alijua. Labda aliniona kwenye simu ya mtu, nikicheza, na ni mzazi gani asiyeijua miguu ya mwanawe? Alijua kabla ya kuanza kufuma. Maneno yake hakuweza kuyameza, basi akanitafutia njia nyingine ya kuingia nyumbani, na mimi niliingia na kutoka kama mgeni. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Asubuhi nilitembea kwa miguu hadi Mangobo, uso wazi, kinyago kwapani. Vijana wawili kwenye pikipiki walipunguza mwendo, wakakitazama kinyago, wakanitazama mimi, mmoja akatoa simu. Nikamwacha apige picha. Turubai lilikuwa bado halijashushwa. Yaya alikuwa ameinama anasugua sufuria. Aliinua kichwa, akanitazama usoni, akakitazama kinyago, na hakushangaa.

"Papa alikungoja jana," alisema.