Mkoba Niliomshonea Mwanangu

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la tatu, ndipo shida ilipoanza. Baba alikufa njiani akitoka shambani, huko kwetu Tabora. Ukoo ukasema nyoka. Watoto wangu wote wanajua hivyo, babu yao aliumwa na nyoka. Shule nikaiacha, nikauza asali, nikauza mitumba, nikalala njaa, nikajenga. Hakuna aliyenishika mkono.

Ilipofika 2006 nilikuwa naenda Guangzhou, Uchina, mara tatu kwa mwaka. Siku hiyo nilikuwa mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya mama mmoja anayenishonea suruali na mikoba ya shule. Vichochoro vya pale havioni jua, na vyerehani vinanguruma mpaka ghorofa ya juu. Mwanangu akapiga simu kutoka Amerika, anakofanya kazi ghalani. Ana mke, na binti wa miaka minne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema, niko kazini."

"Nimenunua bastola. Ya nyumbani."

"Kibali umekipata lini?"

Akacheka. "Kibali gani, mzee? Nimeingia dukani, nimetoka nayo. Jirani yangu wa kanisani ndiye aliyenipeleka. Huku kila nyumba inayo. Nyumba ya pili wamevunjiwa mchana kweupe."

Nisidanganye. Kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Bunduki yangu ya nyumbani niliihangaikia mwaka mzima, barua ya mtendaji, barua ya polisi, njoo kesho. Niliitafuta baada ya majambazi kuingia kwangu na panga wakamkata mke wangu begani. Waliporudi mara ya pili nilipiga moja hewani, wakakimbia. Mke wangu analala kwa sababu ya ile bunduki. Kwa hiyo asije mtu kuniambia silaha ni mbaya tu. Nikajisemea, mwanangu ni mwanamume, amelinda mlango wake.

Halafu nikauliza, "Unaiweka wapi?"

"Kwenye droo, chini ya soksi."

Nikatoka na simu mpaka kichochoroni.

Baba yangu hakuumwa na nyoka. Tulikuwa tumelala shambani tukilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Asubuhi akanipa gobore nimbebee, akatangulia mbele yangu njiani. Nilijikwaa, likafyatuka. Nilikuwa nimeambiwa halina kitu. Lile gobore halikuwa na kibali, kwa hiyo wazee walilizika porini, wakaniambia: nyoka. Nimetii miaka yote.

Sasa mwanangu yuko kwenye simu na ana mtoto ndani ya nyumba. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Mimi ambaye mawakala wa bandari wananijua kwa ulimi, nikasema, "Nitakuletea mkoba wa kufunga kwa kufuli."

"Mzee, umekuwa muoga?"

"Niambie urefu wake."

Yule mama wa Kangle hashoni bila sampuli. Nikamchorea kwenye karatasi, akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, hakuna, hiyo si sampuli. Bastola nitaitoa wapi Guangzhou? Pale mlangoni alikuwa na noti zimelala mezani na mlango wazi, na silaha yake kubwa ilikuwa mkasi. Kule sokoni Liuhua vibaka watakupasua begi kwa wembe, lakini sijawahi kusikia mlio wa risasi. Nilikuwa napita na dola nimezifunga tumboni nikitembea kama mwenye mji.

Nikaenda kwenye meza ya vitu vya watoto nje ya karakana, nikanunua bastola ya plastiki, nyeusi, nikamwekea juu ya kitambaa.

Mafundi wakacheka mpaka vyerehani vikasimama. "Rafiki, wewe polisi?" mama akauliza.

"Babu," nikamwambia. "Shona."

Akashona vizuri. Turubai nzito mikunjo miwili, zipu ya chuma, vishikio vya kufuli, na kufuli lake dogo. Nikaufunga mzigo kama tunavyofunga mikoba yote ya biashara: sampuli nikaiacha ndani ili mkoba usikunjike, ufunguo nikaufunga kwa uzi kwenye zipu. Nimefanya hivyo kwa mikoba maelfu. Mkono ulifanya wenyewe. Nikapeleka posta.

Mjukuu ndiye aliyefungua. Akachukua simu ya baba yake. "Asante mume wangu!" Ndivyo tunavyotaniana, na Kiswahili chake ni hicho hicho. Baba yake akamnyang'anya kile kibastola, akakificha, akaweka ile ya kweli mkobani. Ufunguo akautundika jikoni.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa Liuhua nachagua viatu. Simu ikalia.

"Baba, mtoto amejipiga."

"Yu hai?"

"Yu hai. Mguu."

Nikakaa juu ya marobota ya watu. Muuzaji akaninyooshea kikokotoo na bei mpya, akadhani nimekaa kugoma.

Alikuwa amepanda kiti, akautoa ufunguo, akafungua kufuli kama alivyofungua siku ile. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. "Alikuwa anatafuta zawadi ya babu," mwanangu akasema. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilidhani sasa ataitoa. "Nimenunua kasha la chuma," akasema.

"Bado unayo?"

"Baba, ya kwako umeirudisha polisi?"

Nilikuwa sijairudisha. Mke wangu amewahi kuniambia, siku itakayotoka hii bunduki nami natoka. Basi nimwambie nini kijana? Ningeweza kumwambia kuhusu njia ile ya shambani. Mara ya pili nilikuwa na nafasi, na mara ya pili nikauliza habari za daktari.

Mkewe aliondoka na mtoto. Mtoto anachechemea, na hazungumzi na mimi kwenye simu. Mwanangu anakaa peke yake na lile kasha. Hakuna cha kulinda tena mle ndani, lakini hatoi.

Nimeandika hapa nilichoshindwa kusema. Atasoma akiwa amechelewa, na mimi nilichelewa zaidi yake.

Leo nina nyumba ya vyumba sita, yenye ukuta. Maduka mawili sokoni. Lori moja. Shamba ekari kumi na mbili, silimi mahindi. Ng'ombe saba. Bunduki moja, kibali kimelipiwa. Bastola moja ya plastiki, mwanangu aliirudisha kwa posta. Mkoba mmoja wa turubai, una tundu la risasi.