Nyoka Aliyemng'ata Furaha Kule Katana

Sisi tuliokulia mjini, mtaa wa Muhumba, enzi zile, vakansi, likizo ya shule, haikuwa ya kukaa ndani. Maman alitupeleka kijijini Katana kwa koko, mama yake mzazi. Huko tulikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tukatembea pekupeku, na funza wakatuingia vidoleni. Koko aliwatoa kwa pini huku akituonya: "Mwenye kulia, ninamuachia funza yake ikuwe mukubwa."

Kazi yetu ilikuwa kukata majani ya simbilisi, vijinyama kama sungura wadogo, waliofugwa jikoni. Siku moja Furaha, dada yangu mkubwa, aliingiza mkono kwenye majani marefu kando ya shamba la viazi, akapiga kelele. Nyoka mnene, rangi ya majani makavu, akajivuta taratibu kama asiye na haraka yoyote. Tulipofika nyumbani mkono ulikuwa umeanza kuvimba.

Jirani akaleta jiwe jeusi, lile wanalobandika kwenye jeraha ati livute sumu. Koko aliliamini sana. Lakini tonton Déo, mdogo wa maman, alikwisha kutoa baiskeli, akamwambia koko:

"Maman, jiwe ibaki hapa. Mutoto anaenda hospitali."

"Na akifia mu njia?"

"Na akifia hapa?"

Koko alimtazama Furaha, kisha akavua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho mgongoni mwa tonton. Baiskeli ilipopotea kwenye kona, akaifuata kwa miguu, rozari mkononi.

Pale hospitalini kwa wamisionari walimdunga dawa ya sumu. Mkono ulivimba mpaka begani, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetuambia kama angepona. Koko alilala chini, kando ya kitanda. Furaha alirudi akiwa mwembamba, na kidole kimoja hakikukunjika tena.

Leo watoto wangu wakiona mende wanapanda juu ya kiti na kuita baba, "Papa!" Wanalala ndani ya chandarua. Sisi malaria ilituangusha kila msimu wa mvua, tukanywa dawa chungu, tukarudi kucheza. Sisemi zamani ilikuwa bora. Baadhi ya wale tuliocheza nao hawakukua. Ila sisi vakansi ilipofika, tulipanda gari tukaenda, bila mtu kuuliza kama njiani kuna watu wenye bunduki. Wangu Katana wanaisikia tu. Siku hizi ninaogopa kuwapeleka, na si kwa sababu ya nyoka.