Mistari Mitatu ya Chini

Nilikuwa Mkenya peke yangu darasani, mwanafunzi mgeni Tanzania, na chuo chetu kilikuwa na wiki ya kujisomea. Unachagua mahali, unakwenda mwenyewe, unarudi na ripoti. Ripoti ikikataliwa, mwaka wa pili husogei. Mhadhiri alinipa swali: wakulima wadogo wa chai wamewapokeaje wanunuzi binafsi? Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza na kununua, na jibu alilolitaka alikuwa nalo tayari mfukoni. Akanipa na fomu ya kuhoji mkuu wa kaya. "Wengine wasikupotezee muda," alisema.

Nilichagua Rungwe kwa kiburi tu. Nimezaliwa kwenye chai. Mama yangu amechuma mpaka kucha zikawa nyeusi, basi nikajiambia, chai ni chai, nani atanifundisha? Nilishuka Tukuyu mvua ikinyesha, nikaamka mvua ikinyesha, na hivyo hivyo nikafika Nkunga kwa mzee mmoja aliyekubali kunipokea. Alikuwa amefiwa na mkewe, akiishi na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, mwaka wa pili huo.

Mzee alikuwa mkarimu, na maneno hayakumwishia. Siku mbili nzima tulikaa barazani. Lori la kiwanda linakuja vizuri, alisema. Shamba limejaa, mistari yote inachumwa. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri. Mkwewe nilimwona mgongo tu, maana kila mzee alipotokea yeye alizama migombani. Nikadhani mgeni simpendezi.

Siku ya tatu nilimwona akipita nyuma ya jiko na tenga la majani mgongoni. Nikapaza sauti: "Mama, njoo ukae nasi, nawe utueleze!"

Laiti ningeumeza ulimi wangu. Alichutama palepale, akajifunika uso kwa kitenge, majani yakamwagika matopeni. Mzee aligeukia ukutani. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe. Hamtazami, wala njia moja hawapiti. Kwenu hamfunzwi?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Ila aibu ilipopoa kidogo, nikapandwa na hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Siku mbili nilikuwa namhoji mtu asiyechuma.

Kesho yake nilimfuata yule mkwe shambani. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Nikajifunga kanga nikaanza kuchuma kando yake. Baada ya muda akatazama mikono yangu, akacheka. "Kumbe unajua." Kisha akanipeleka bondeni. Mistari mitatu ya chini haikuwa na chai. Ilikuwa na migomba michanga, imefika magotini.

"Lori linakuja likitaka," alisema. "Lisipokuja nakaa kwenye banda la kupimia mpaka majani yananyauka, nayamwaga. Ndizi wachuuzi wa Mbeya wanazifuata wenyewe mpaka barabarani."

Visiki aling'oa peke yake, kwa sururu, msimu mzima. Anayejua uzito wa kisiki cha chai ataelewa kwa nini nilimwangalia mara mbili. Mzee hakuwa na habari. Magoti yalikuwa yamemgomea, bondeni hashuki. Na chai ile aliipanda yeye. Akijua, angeweza kumrudisha mwanamke huyu kwao, na asingekosa wa kumuunga mkono.

"Haya nisiyaandike?" nilimuuliza. Akainua tenga lake, akatangulia kupanda.

Alasiri mzee akataka nimsomee nilipofikia. Nikamsomea yake, yale yale ya barazani. Nilikuwa mwoga, sifichi. Nilipofika "mistari yote inachumwa", sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko, mwenyewe haonekani.

"Dada! Andika mitatu ya chini haipo. Nimeing'oa mimi. Na sababu andika, lori haliji!"

Nikaandika. Neno kwa neno, mzee akinitazama.

Mzee aliinuka. Alichukua fimbo, akateremka bondeni na magoti yake yale, akarudi na tope mpaka kiunoni. Chakula alichopikiwa hakukigusa. Asubuhi niliondoka bila kujua yule mama atalala wapi wiki ijayo.

Chuoni, mhadhiri alisoma ripoti akaigongagonga kwa kalamu. "Huyu si mkulima, huyu ni mkwe wa mkulima. Mwondoe."

"Simwondoi, mwalimu."

"Basi utarudia wiki yote. Ukishindwa tena, unarudi kwenu."

"Nitarudia."

Usifikiri sikuogopa. Mama alishatangaza kijiji kizima kwamba bintiye anasoma nje. Lakini kumwondoa yule mtu kwenye karatasi, baada ya kujifichua vile, singeweza, na wala sikutaka kujaribu. Nikapanda basi kurudi Nkunga.

Sikupitia barazani safari hii. Nilikwenda moja kwa moja bondeni, na moyo haukutulia mpaka nilipomwona, yupo, ameinama na sururu yake. Hatujamaliza kusalimiana, tukasikia kikohozi juu ya kilima. Mzee alikuwa amesimama njiani, katupa mgongo, anaongea na hewa.

"Mgeni! Mwambie ile mitatu nimemruhusu."

Yule mama hakuinua kichwa. Alinyoosha kitenge chake, akatema mate viganjani.

"Mwambie tata, ndaga fijo. Mwambie baba nimeshukuru sana," alinituma, kisha akaishusha sururu kwenye kisiki cha mstari wa nne.